Kiingereza cha safari, likizo na kwenu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanaojiandaa kwa mahojiano ya viza, mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kazi za hotelini na za kuongoza watalii, au wanaotaka tu kumwandikia rafiki wa mbali bila kupindisha maneno. Makosa mengi hapa hayatokani na kutojua Kiingereza. Yanatokana na neno moja la Kiswahili kubeba kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maneno matatu au manne. Maneno na sentensi za Kiingereza ziko kwa herufi za mlazo.

## Maneno ya msingi

1. "Safari" kwa Kiingereza ni *trip*, *journey*, *travel* au nini?

Ukiwa na shaka, tumia *trip*. Ni safari ya kwenda na kurudi, aghalabu fupi na yenye shughuli maalumu: *a business trip*, *a school trip*, *a trip to Arusha*. *Journey* ni mwendo wenyewe, toka unapoondoka mpaka unapofika: *The journey from Mwanza to Dar es Salaam takes all day.* Kwa hiyo mtu anaweza kufurahia *trip* yake huku akilalamikia *journey*, yaani siku alizokaa huko zilikuwa nzuri ila barabara ilimchosha.

*Voyage* ni ya chombo cha majini, tena ndefu. *Flight* ni ya ndege. *Tour* ni ya kuzunguka sehemu kadhaa, mara nyingi na mwongozaji. *Excursion* ni matembezi mafupi ya kundi, kwa kawaida ya siku moja.

*Travel* ndilo linaloponza wengi. Kazi yake kubwa ni kitenzi: *I travel a lot.* Likiwa nomino halihesabiki, kwa hiyo *I had a long travel* si sahihi. Sema *I had a long journey*. Wingi wake, *travels*, upo kwa maana ya mizunguko ya mtu hapa na pale: *I met her on my travels.* Uingereza huandika *travelled* na *travelling*, Marekani *traveled* na *traveling*. Chagua mtindo mmoja, usichanganye katika barua moja.

2. Neno *safari* si limo katika Kiingereza? Kwa nini nisilitumie?

Limo, na limetoka kwetu, ingawa sisi nasi tulilipata kwa Waarabu. Lakini lilipovuka lilipungua maana. Mwingereza akisikia *I'm going on safari* anaona tembo, darubini na gari lenye paa la kufunguka. Ukimwambia unaenda *on safari* Tabora, kumbe unaenda msibani, atakuuliza uliona simba wangapi.

3. "Likizo" ni *holiday*, *vacation* au *leave*?

*Leave* ni ruhusa rasmi ya kazini: *annual leave*, *sick leave*, *maternity leave*. Sheria ya Tanzania humpa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo za *annual leave* kwa mwaka, na ya Kenya angalau siku 21 za kazi. Uko likizo? *I'm on leave.*

*Holiday*, kwa Uingereza, ni muda wa kupumzika au kusafiri: *We're on holiday in Lamu.* Marekani husema *on vacation*. Likizo ya shule Uingereza ni *the school holidays*. Tahadhari moja: Mmarekani akisema *the holidays*, karibu kila mara anamaanisha kipindi cha Krismasi na Mwaka Mpya.

Sikukuu ya kitaifa ni *a public holiday*. Uingereza huiita *a bank holiday*, nayo haihusu wafanyakazi wa benki peke yao.

Kuhusu "ofu": *I'm on off* na *I have an off* husikika sana Dar na Nairobi, lakini kwingine hazieleweki. Sema *It's my day off* au *I'm off today*.

4. "Mgeni" natafsirije?

Inategemea ni mgeni wa nani. Uliyemkaribisha nyumbani au anayelala hotelini ni *a guest*. Aliyefika kukuona au kutazama mahali ni *a visitor*. Mtu usiyemjua ni *a stranger*, na neno hili halina ukarimu wowote ndani yake, kwa hiyo *We have strangers at home* itamtisha anayekusikia. Asiye raia ni *a foreigner*, neno ambalo ana kwa ana huonekana kavu. *She's from abroad* ni laini zaidi. Aliyehamia karibuni ni *a newcomer*. Nawe ukiwa mgeni mahali na mtu akakuuliza njia, jibu ni *Sorry, I'm not from around here.*

Mwenyeji naye amegawanywa vivyo hivyo: aliyekupokea ni *host*, mkazi wa pale ni *a local*.

## Kwenda, kupanda, kufika

5. Nitajuaje pa kuweka *in*, *at*, *on* na *to*?

Kiswahili kina kiambishi -ni kinachofanya kazi zote hizo: "kituoni" ukiwa pale, "mezani" juu yake, "chumbani" ndani yake, "sokoni" ukienda. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua kila mara, na kanuni tatu hukusaidia zaidi ya orodha ndefu.

Kwanza, mwendo huchukua *to*: *go to Tanga*, *fly to Muscat*. Isipokuwa *home*: ni *go home*, si *go to home*. *Here*, *there* na *abroad* nazo hazitaki *to*.

Pili, kufika hakuchukui *to*. Ni *arrive in* kwa mji au nchi, na *arrive at* kwa sehemu ndogo kama stesheni, uwanja wa ndege au hoteli. *Reach* halitaki kihusishi chochote: *We reached Dodoma at noon.* *Visit* ni hivyo hivyo: *I visited Zanzibar*, si *I visited to Zanzibar*. Linalochukua *to* ni *get*: *We got to Dodoma at noon.*

Tatu, chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua *on*: *on the bus*, *on the train*, *on the ferry*, *on the plane*. Unachoinama kuingia huchukua *in*: *in a car*, *in a taxi*. Pikipiki na baiskeli ni *on*. Ukitaja njia ya usafiri tu, ni *by* bila *the*: *by bus*, *by ferry*. Kwa miguu ni *on foot*.

Visiwa vina ujanja wao: kisiwa kama ardhi ni *on*, kisiwa kama mahali pa kuishi au sehemu ya kiutawala ni *in*. Ndiyo maana *on Pemba Island* na *in Pemba* zote ni sawa.

6. *I have gone to Nairobi* na *I have been to Nairobi* zina tofauti?

Kubwa. *She has gone to Nairobi* maana yake kaenda, hajarudi. *She has been to Nairobi* maana yake alikwenda wakati fulani na sasa keshaondoka huko. Kwa hiyo "Umewahi kufika Mombasa?" ni *Have you ever been to Mombasa?* na jibu ni *Yes, I've been there twice.* Ukisema *I have gone there* ukiwa umekaa mbele ya mtu, unadai uko Mombasa na hapa kwa wakati mmoja.

Ukitaja lini, rudi kwenye wakati uliopita: *I went there in 2019*, si *I have been there in 2019*.

7. Kwa nini Waingereza hucheka nikisema *climb the bus*?

Kwa sababu "kupanda" kwa Kiswahili ni mlima, mti na basi, ilhali kwao *climb* humweka mtu juu ya paa la basi. Kupanda basi, treni au ndege ni *get on*. Kushuka ni *get off*. Gari dogo ni *get in* na *get out*. *Board* na *alight* ni sahihi, ila ni lugha ya matangazo ya stesheni. Ukimwambia rafiki *I alighted at Ubungo* utasikika kama kipaza sauti.

Vitenzi vingine vya kundi hili: "kumsindikiza" mtu si *escort*, ambalo lina harufu ya polisi na msafara, bali *see someone off* akiwa anasafiri, au *walk someone to the bus stop*. "Kumpokea" mtu uwanja wa ndege si *receive*, kwani kinachopokelewa hivyo ni kifurushi. Ni *meet*, au *pick up* kama una gari. Kumshusha mahali ni *drop off*. Na *return back* ina neno moja la ziada: sema *return*, au *come back*.

8. Stendi, nauli na mizigo: maneno yake ni yapi?

*Bus stand* na *stage* ni Kiingereza chetu. Uingereza, kituo kikuu cha mabasi ni *a bus station*, au *a coach station* kwa yale ya mikoani, kwa sababu basi la mwendo mrefu kwao ni *a coach*. Marekani *coach* ni daraja la kawaida ndani ya ndege. Kituo kidogo cha barabarani ni *a bus stop*.

Nauli ni *fare*. Kiingilio cha hifadhi au makumbusho ni *entrance fee*. Tozo ya daraja au barabara ni *toll*. Tiketi ya kwenda tu ni *a single* Uingereza na *one-way* Marekani. Ya kwenda na kurudi ni *a return* na *round-trip*. Kiti cha dirishani ni *a window seat*, cha njiani *an aisle seat*, na herufi *s* ya *aisle* haitamkwi.

*Luggage* na *baggage* hazina wingi: hakuna *luggages*. Unahesabu mabegi, *two bags*, au *two pieces of luggage*. Buti ya gari ni *boot* kwa Mwingereza na *trunk* kwa Mmarekani.

Daladala, matatu, bodaboda na bajaji usizitafsiri kwa nguvu. Taja jina, kisha eleza mara moja: *a daladala, which is a shared minibus*, *a bodaboda, a motorcycle taxi*. Baada ya hapo endelea na jina lenyewe.

## Kulala na kula

9. "Hoteli" na *hotel* ni kitu kimoja?

Si kila mara. Kenya hasa, mtu akisema anaingia hotelini huenda anaenda kunywa chai na mandazi. *Hotel* ya Kiingereza ni ya kulala. Pa kula ni *a restaurant* au *a café*. Gesti ni *a guest house*.

10. Niliomba chumba *self-contained* nikaulizwa kama ninataka jiko. Kwa nini?

Kwetu *self-contained* ni chumba chenye choo na bafu lake. Uingereza neno hilo huelezea makazi yanayojitosheleza, pamoja na jiko na mlango wake. Unachokitaka wewe ni *a room with an en suite bathroom*, au kwa ufupi *an en suite room*.

Chumba cha kitanda kimoja kikubwa ni *a double*. Vitanda viwili vidogo ni *a twin*. Watu wawili wasio mke na mume wanaokosea hapa hugundua kosa saa nne za usiku. *Bed and breakfast* ni kulala na kifungua kinywa, *half board* huongeza chakula cha jioni, *full board* ni milo yote mitatu. "Nililala Hoteli fulani" ni *I stayed at*. *I slept at* hueleweka, lakini huvuta macho kwenye usingizi wenyewe.

*First floor* Uingereza ni ghorofa ya kwanza kama tunavyohesabu sisi. Marekani ni ile ya chini kabisa, usawa wa ardhi.

## Kuelezea kwenu

11. "Natoka Tanga" ni *I come from Tanga* au *I am coming from Tanga*?

Zote mbili, kwa maana mbili. *I come from Tanga*, au *I'm from Tanga*, ni asili: ndiko kwetu. *I'm coming from Tanga* ni njia: niko barabarani sasa. Ukiulizwa *Where are you from?* ujibu kwa *from*, si kwa *coming*. Aliyefika tayari husema *I've just come from Tanga*.

Kuzaliwa ni *I was born in*, si *I am born* wala *I have been born*. Kukulia ni *I grew up in*. Kama ulizaliwa sehemu moja, ukakulia nyingine, na asili ya wazazi ni ya tatu, usihangaike kutafuta neno moja: *I was born in Tabora and grew up in Dar, but my family is originally from Kigoma.*

12. Nikisema *I stay in Sinza* nakosea?

Afrika Mashariki na Kusini utaeleweka. Kwingine *stay* ni kukaa kwa muda, kama mgeni. Ofisa wa ubalozi akikuuliza unaishi wapi nawe ukajibu *I stay in Sinza*, atauliza basi makazi yako ni wapi. Sema *I live in Sinza.* Na "nakaa" hakuwi *I sit* hata siku moja.

13. Mji, kijiji, mtaa: nichague neno gani?

*City* ni jiji, *town* ni mji, *village* ni kijiji. "Mjini" ni *in town*. Katikati ya jiji ni *the city centre* Uingereza na *downtown* Marekani. Mtaa wenye watu na majirani ni *neighbourhood*, lakini mtaa ulioandikwa kwenye kibao ni *street*. Pembezoni ni *on the outskirts*. Eneo la makazi nje ya kitovu ni *a suburb*.

*Home town* ni mji uliokulia au wa asili yako, si lazima unakoishi sasa. Marekani huliandika kama neno moja. Kama kwenu ni kijijini, *home village* ni sawa kabisa, wala haikupunguzii kitu. *Upcountry* ya Kiingereza chetu hueleweka kwa shida nje. Sema *in the countryside* au *my parents' village*. Na "shags" ya Nairobi, yaani kijijini kwenu, iache Nairobi.

14. Kwenye IELTS naambiwa nieleze *home town* yangu. Niseme nini na kwa urefu gani?

Sehemu ya kwanza ya mazungumzo huchukua dakika 4 hadi 5, na kwenu ni mada ya kawaida humo. Kila swali linataka sentensi mbili au tatu. Sehemu ya pili hukupa dakika 1 ya kujiandaa na 1 hadi 2 za kuzungumza mfululizo. Hapo ndipo pa kwenda kwa kirefu.

Mpangilio unaobeba vizuri: palipo, panajulikana kwa nini, pakoje kuishi, pamebadilikaje. Mfano:

*I'm from Tanga, a port on the north coast of Tanzania, not far from the Kenyan border. The area is known for sisal and oranges, and the Usambara Mountains are a few hours inland. It's quieter than Dar es Salaam, and a lot of people still get around by bicycle.*

Angalia vitu vinne humo. Ni *known for*, si *known with* wala *famous of*. Ni *on the coast*, lakini *inland* haina kihusishi. Ulinganisho ni *quieter than*, si *more quiet than compared to*. Na kila sentensi ina kitu cha kushikika. Wengi humwaga *beautiful*, *very nice* na *peaceful people*, na mtahini huyasikia hayo kutwa nzima. Kitu kimoja cha hakika, kama baiskeli za Tanga, hukupa msamiati wa kuendelea nao akikuuliza zaidi.

15. *The* inaingia wapi kwenye majina ya mahali?

Miji na nchi nyingi hazina: *Kenya*, *Kigali*. Zenye muundo wa muungano, jamhuri au falme ndani ya jina hubeba *the*: *the United States*, *the United Kingdom*, *the United Arab Emirates*, *the Democratic Republic of the Congo*. Vilevile funguvisiwa: *the Comoros*. Mito, bahari na safu za milima ni *the*: *the Rufiji*, *the Indian Ocean*, *the Usambara Mountains*. Mlima mmoja na ziwa moja hazina: *Mount Kilimanjaro*, *Lake Victoria*.

## Adabu na salamu

16. "Pole na safari" nisemeje?

Hakuna. *Sorry for the journey* humfanya mgeni afikiri wewe ndiye uliyeharibu kitu. Kinachojaza nafasi yake ni *How was your journey?* kisha *You must be tired.*

"Safari njema" inayo mengi: *Have a safe journey*, *Safe travels*, *Have a good flight*. *Journey mercies*, inayopendwa makanisani Kenya, nje ya Afrika wachache wataielewa.

"Karibu" nayo hugawanyika. Mlangoni ni *Come in*. Kwenye kiti, *Have a seat*. Kwenye chakula, *Would you like some?* au *Help yourself*. Kujibu asante, *You're welcome*. "Karibu tena" ni *Do come again*, si *Welcome again*.

"Nisalimie nyumbani" ni *Say hello to everyone at home for me*, si *Greet me your family*. "Umepotea!" kwa rafiki ni *I haven't seen you for ages!* Ukimwambia *You are lost*, atatoa ramani.

## Uhamiaji, tarehe na saa

17. Ofisa wa uhamiaji huuliza nini, na ni majibu gani huleta utata?

*What's the purpose of your visit? How long are you staying? Where will you be staying? Do you have anything to declare?* Majibu yawe mafupi: *I'm visiting my sister. Two weeks. At her flat.*

Utata huanzia kwenye mambo matatu. La kwanza ni "kusalimia": *I came to greet my sister* kwao ni kusema hello na kuondoka. La pili ni "kutembea": *I came to walk* ni mazoezi ya miguu, ni *I'm here on holiday*. La tatu ndilo zito, yaani undugu. Mtoto wa baba mdogo kwetu ni kaka au dada, ila *brother* kwa ofisa ni mliozaliwa na mzazi mmoja. Barua ya mwaliko ikisema *cousin* nawe ukasema *brother*, maelezo yako yanapingana hata kama hukudanganya. Mdomoni na kwenye karatasi, sema *cousin*. Baba mdogo ni *uncle*.

Kwenye fomu, *surname* na *last name* ni kitu kimoja. Fuata pasipoti yako ilivyogawanya majina, si unavyoitwa mtaani.

18. 04/07 ni mwezi wa nne au wa saba?

Marekani ni Aprili 7. Uingereza na kwetu ni Julai 4. Ukiwasiliana na watu wa pande zote, andika mwezi kwa herufi: *4 July*.

19. Nilikosea saa ya usafiri. Nigeuzeje?

Ongeza au punguza 6. Saa mbili asubuhi ni *8 a.m.*, saa kumi jioni ni *4 p.m.* Kosa hutokea hasa mtu anaposoma tiketi kwa Kiingereza na kuisimulia kwa Kiswahili bila kugeuza, *7:00* ikawa "saa saba" kwenye ujumbe wa simu, na ndugu akaja kupokea mgeni mchana.

20. Tiketi imeandikwa *00:30, Saturday 15 August*. Niende uwanjani lini?

Ijumaa tarehe 14, jioni. Siku ya Kiingereza hubadilika saa sita usiku, kwa hiyo dakika 30 baadaye tayari ni Jumamosi. Hesabu ya zamani ya Waswahili huanza siku mpya jua likizama, na kwa anayeifuata "usiku wa Jumamosi" ndio huo huo unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kwa wengine wengi ni usiku unaoufuata, na ndege itakuwa imeondoka jana yake. Kwa Kiswahili andika "usiku wa kuamkia Jumamosi". Kwa Kiingereza mwambie dereva *Pick me up on Friday at 8 p.m.*, na ndege yenyewe iite *my flight in the early hours of Saturday*.